Ofisi ya Nyumbani Ugenini: Somo la Chumba cha Kazi Mbezi Luis

Kila nyumba ni chombo cha kisayansi, ijapokuwa wakaao ndani yake aghalabu hawaitazami hivyo. Paa na kuta hupokea joto na kulitoa, madirisha hupitisha nuru na upepo, nyaya huleta nishati kutoka mbali. Mtu aendaye kazini asubuhi na kurejea jioni huweza kuzivumilia kasoro nyingi za chombo hicho. Lakini mtu afanyaye kazi nyumbani mchana kutwa, tena kwa mwajiri aliye katika nchi nyingine, kasoro hizo humgusa katika riziki yake. Umeme ukikatika, kazi nayo imekatika. Chumba kikiwa tanuri, hesabu hukosewa.

Achukuliwe mhasibu aliyehama kwao na kupanga nyumba Mbezi Luis, katika Wilaya ya Ubungo, kandokando ya Barabara ya Morogoro. Mahali hapo sasa panafahamika na wasafiri wengi kwa sababu ya kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilichofunguliwa mwaka 2021. Nyuma ya barabara kuu kuna vilima na mabonde, na nyumba nyingi zilizoezekwa kwa mabati. Mhasibu huyo ana kompyuta, ana meza, na ana mazoea aliyokuja nayo. Kosa analoweza kulifanya ni kuanza na vyombo. Hapana budi aanze na mahali, kwa maana vyombo huhamishika, bali jua, upepo na mwisho wa njia ya umeme havihamishiki.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa mgeni. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo aghalabu yeye ni mpangaji, na kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima hutakiwa kulipwa kwa mkupuo. Akishalipa, amefungamana na chumba hicho. Basi uchunguzi wote uelezwao hapa chini unafaa kufanywa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

1. Jua na upepo

Mbezi Luis ipo karibu nyuzi 6.7 kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa mwezi wa Machi, na karibu na tarehe 10 Oktoba. Mwezi wa Juni, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho. Mwezi wa Desemba huwa upande wa kusini, kwenye kimo cha nyuzi 73.

Tarakimu hizo zina faida kubwa. Jua lililo juu huzuiliwa kwa urahisi na upenu. Likiwa kwenye nyuzi 60, upenu wa mita 1 hutia kivuli ukutani kiasi cha mita 1.7 kwenda chini. Kwa dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.2, linaloanzia usawa wa upenu, upenu wa sentimita 70 watosha. Kwa dirisha la kusini, sentimita 36 zatosha. Lakini jua la asubuhi na la jioni huja likiwa chini, karibu sambamba na ardhi, na hakuna upenu wa kawaida uwezao kulizuia. Dirisha la magharibi ndilo baya kuliko yote: hupokea jua wakati ambapo hewa na kuta zimekwisha kupata joto la mchana kutwa.

Kwa bahati njema, pepo za pwani hukubaliana na hesabu hiyo. Kaskazi huvuma toka kaskazini-mashariki katika miezi ya joto, kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huvuma toka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Chumba chenye madirisha mawili yanayokabiliana, moja kaskazini na jingine kusini, huepuka jua kali na hupata pepo zote mbili. Chumba chenye dirisha moja tu, hata likiwa kubwa, hakipitishi upepo, kwa sababu hewa haiingii mahali isipopata njia ya kutokea.

Paa la bati huhitaji uangalifu wake. Bati lililopigwa na jua hupata joto jingi kuliko hewa iliyolizunguka, na joto hilo hushuka kwa mnururisho hadi kichwani mwa aliyeketi chini yake. Dari husaidia, hasa ikiwa kati yake na bati ipo nafasi yenye matundu ya kutolea hewa. Kipimo ni rahisi: mpangaji afike saa nane au saa tisa alasiri, atundike kipimajoto katikati ya chumba kwa nusu saa, kisha akitundike nje kivulini. Ikiwa ndani kuna joto kupita nje kwa nyuzi kadhaa, chumba hicho hakifai kwa kazi ya kutwa.

2. Mwili na pangaboi

Mtu aliyeketi kimya hutoa joto la kadiri ya wati 100, sawa na balbu kubwa ya zamani. Joto hilo lisipoondoka, mwili huungua kwa ndani. Hewa ikikaribia joto la ngozi, ambalo ni nyuzi 34 hivi za Selsiasi, njia iliyobaki ni jasho. Gramu 1 ya jasho ikikauka huchukua jouli 2,400 hivi. Kwa saa 1 mwili hutoa jouli 360,000. Kwa hiyo, endapo joto lote litaondoka kwa jasho, zahitajika gramu 150 kila saa. Ndiyo sababu mtungi wa maji ni chombo cha ofisi sawa na kalamu.

Hapa pana kosa la kawaida. Watu hudhani kuwa pangaboi hupoza hewa ya chumba. Haipozi. Mota yake huongeza joto la wati 50 hivi katika chumba. Kazi yake ni kuondoa hewa yenye unyevu iliyogandamana na ngozi, ili jasho lipate kukauka. Kwa hiyo kuacha pangaboi ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kupoteza umeme bure.

Macho nayo yana haki yake. Meza iwekwe ili dirisha liwe ubavuni, kulia au kushoto. Dirisha likiwa mbele, mboni hubana kwa mwanga wa nje na maandishi huonekana hafifu. Likiwa nyuma, nuru huakisiwa na kioo cha kompyuta. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, umbali wa sentimita 50 hadi 70. Mtu akazaye macho kwenye kioo hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, na macho hukauka. Basi kila baada ya dakika 20 ayaelekeze macho kwenye kitu kilicho mita 6 au zaidi: mwembe wa jirani watosha.

3. Umeme: somo la plagi na waya wa ardhi

Tanzania hutumia umeme wa volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Marekani hutumia volti 120 na mizunguko 60. Mhasibu akitoka huko na birika lake la wati 1,200, birika hilo lina ukinzani wa omu 12. Likichomekwa kwenye volti 230, nguvu yake ni 230 mara 230, gawanya kwa 12: wati 4,400 hivi. Mkondo wake ni ampea 19, ilhali plagi ya hapa huruhusu ampea 13 tu. Kwa bahati njema huenda fyuzi ikakatika. Kwa bahati mbaya, iwapo fundi ameweka kipande cha waya badala ya fyuzi, kitakachoungua ni birika, soketi, au nyumba.

Chaja za kompyuta za siku hizi hazina shida hiyo. Nyingi zimeandikwa 100–240, maana yake hukubali volti zote zilizo katikati. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya msafiri ni kusoma maandishi madogo yaliyo mgongoni mwa kila chombo. Saa ya ukutani yenye mota iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 itatembea, hata ikipewa volti zake kwa transfoma, lakini itachelewa dakika 10 kila saa, kwa kuwa hufuata idadi ya mizunguko.

Mgeni atokaye Ujerumani au Ufaransa hana taabu ya volti, bali ana taabu ya plagi: yake ina mikono miwili ya mviringo, na soketi ya hapa ina matundu matatu ya mstatili. Wengi huchokoa tundu la juu kwa kijiti au kalamu ili visetiri vya ndani vifunguke, kisha hulazimisha plagi iingie. Tendo hilo lina hatari mbili. Kwanza, mikono ya mviringo haishiki vizuri. Mahali pasiposhikana pana ukinzani, na penye ukinzani mkondo hutoa joto. Hapo ndipo soketi huanza kuwa nyeusi na kunuka. Pili, tundu lililochokolewa ni la waya wa ardhi. Chombo chenye gamba la chuma kinachohitaji waya huo hubaki bila kinga: waya wa ndani ukichubuka na kugusa gamba, umeme husubiri mkono wa kwanza utakaoligusa, na katika nyumba ya watu huenda ukawa mkono wa mtoto. Adapta nzuri hununuliwa kwa fedha kidogo. Hakuna hoja ya kubana matumizi inayoweza kusimama mbele ya hatari hiyo.

Hata soketi ikiwa sahihi, waya wa ardhi lazima ufike ardhini kweli. Yafaa fundi mwenye leseni aipime fimbo ya shaba iliyozikwa nje ya nyumba. Udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida kuliko udongo wenye unyevu. Kwa hiyo kipimo cha kiangazi ndicho cha kuaminika, si cha masika.

4. Mwisho wa njia, na siku ya giza

Nyumba zilizo mbali na transfoma hupata umeme uliopungua nguvu. Sababu ni ukinzani wa nyaya. Ikiwa njia ina ukinzani wa omu 1 na majirani wote pamoja wanavuta ampea 20, volti 20 hupotea njiani, na nyumba hupata 210. Jioni wakivuta ampea 40, hupata 190. Kwa hiyo kipimavolti hutumiwa saa moja au saa mbili usiku, si adhuhuri. Chaja ya kompyuta haitajali. Lakini mota ya jokofu ikipewa volti pungufu huvuta mkondo mkubwa zaidi na huweza kuungua.

Umeme ukikatika, kinachotakiwa kujulikana ni hesabu ya akiba. Kompyuta ya mapajani wati 50, ruta wati 10, taa wati 9, pangaboi wati 50: jumla wati 119. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Betri ya risasi haifai kutumiwa kupita nusu yake, ili isife mapema, zabaki 600. Inverta hupoteza sehemu yake. Yakadiriwe kuwa hutoa asilimia 85, yaani 510. Gawanya kwa 119: saa 4 na robo. Pangaboi ikizimwa, 510 gawanya kwa 69: saa 7 na zaidi kidogo. Mtu aliyefanya hesabu hiyo mapema hujua la kuzima kwanza.

Umeme ukirudi baada ya kukatika, volti huweza kuruka juu kwa muda mfupi. Vyombo vichomolewe mara giza linapoingia, na virudishwe dakika chache baada ya taa kutulia. Radi ikianza kunguruma wakati wa masika au vuli, waya wa umeme na wa mawasiliano vyote vichomolewe. Na atumiaye jenereta ailaze nje, mbali na madirisha. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu na kuua waliolala. Jenereta ndani ya stoo au veranda iliyofungwa ni kaburi.

5. Mawasiliano yapitayo chini ya bahari

Kabla ya mwaka 2009, mawasiliano mengi ya kimataifa ya Afrika Mashariki yalitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya Ikweta. Ujumbe wa kwenda na jibu la kurudi hupanda na kushuka, jumla mara nne: kilomita 144,000. Kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde, ni karibu nusu sekunde ya kungoja katika kila swali na jibu. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata EASSy. Ndani ya nyuzi za kioo nuru hwenda kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 10,000, kwenda na kurudi, huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde. Tofauti hiyo ndiyo iliyofanya mazungumzo ya ana kwa ana kutoka chumba cha Mbezi Luis yawezekane.

Lakini mkongo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zote mbili zilikatika katika bahari ya kusini mwa Afrika Mashariki, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Tukio hilo lina funzo: kuwa na laini za kampuni mbili za simu si lazima kuwa na njia mbili, kwa kuwa mnara wa kila kampuni huweza kutegemea mkongo ule ule baharini. Kinga ya kweli ni kupanga kazi iwezayo kuendelea bila mtandao kwa siku mbili tatu, na kutunza nakala za kazi mahali zaidi ya pamoja, mojawapo nje ya nyumba hiyo.

6. Saa mbili katika chumba kimoja

Waswahili huhesabu saa tangu jua kuchomoza, na hilo lafaa katika nchi ambamo urefu wa mchana hubadilika kwa chini ya saa moja mwaka mzima. Mgeni asiyejua humwambia fundi aje saa tatu akikusudia alasiri, na fundi hufika asubuhi, hukuta mlango umefungwa, huenda zake. Kosa si la fundi.

Saa za mwajiri ni jambo zito zaidi. Ofisi ya London ikifunguliwa saa tatu asubuhi ya huko, Dar es Salaam ni saa sita mchana katika majira ya baridi, na saa tano asubuhi katika majira ya joto, kwa maana Uingereza hubadili saa zake na Tanzania haibadili. Ofisi ya New York ikifunguliwa saa hiyo hiyo ya kwao, Mbezi Luis ni saa kumi na moja jioni wakati wa baridi, na siku ya kazi huisha saa saba usiku. Ofisi ya Tokyo hufunguliwa saa tisa usiku wa hapa.

Kutokana na hayo, mpango wa chumba hubadilika. Atumikiaye London hukaa mezani wakati wa joto kali. Chumba chake kizuri kiwe ofisi. Atumikiaye New York hufanya kazi usiku, hewa ikiwa imepoa, kisha atahitaji kulala jua likiwa limepanda. Kwake chumba chenye baridi na giza ni haki ya kitanda, si ya meza. Usingizi wa mchana chini ya bati la moto hauponyi uchovu, na mwanga mkali huzuia homoni ya melatonini iuambiayo mwili kuwa ni usiku. Aliyekosea mpangilio huo hudhani kazi ndiyo iliyomshinda, kumbe ni chumba.

Wote wawili waweke wavu madirishani. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na mbu wa homa ya dengi, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huuma mchana. Kwa kuwa wavu hupunguza upepo, dirisha lenye wavu lafaa liwe kubwa zaidi.

Hitimisho

Mpangilio wa kufuata ni huu: kwanza jua na upepo, pili umeme na waya wa ardhi, tatu akiba ya siku ya giza, nne mawasiliano, tano saa na usingizi, meza na kiti vije mwisho. Hakuna katika hayo linalohitaji utajiri. Yanahitaji kipimajoto, kipimavolti, utepe wa kupimia na kuuliza wenyeji, ambao wamekwisha kujua, kwa kuishi humo, ni chumba kipi hupata upepo na ni mwezi gani umeme hudhoofu. Yaliyosemwa kuhusu mgeni yamhusu pia mwananchi arejeaye kutoka masomoni ng'ambo na kontena la vyombo: naye huwa mgeni wa umeme wa kwao hadi asome maandishi ya mgongoni.

Maswali

1. Taa ya mezani ya wati 60, iliyotengenezwa kwa volti 120, imechomekwa kwenye volti 230. Ikiwa ukinzani wake haubadiliki, itatumia wati ngapi kabla ya kuungua?

2. Dirisha la kaskazini lina kimo cha mita 1.5. Upenu wahitaji kuwa na upana gani ili kulifunika lote kivuli adhuhuri ya mwezi wa Juni?

3. Betri mbili za namna iliyoelezwa zitaendesha kompyuta, ruta na taa kwa saa ngapi?

Majibu: 1. Wati 220 hivi. 2. Sentimita 87 hivi. 3. Saa 14 na dakika 47 hivi.